Simu ya video imetuletea sura, haijatuletea kikao

Jioni moja ya mwezi wa Aprili, nikiwa nimeketi barazani kwa jirani yangu huko Gachoka, nilimwona mtoto wa miaka sita akisoma na mamake. Mama mwenyewe yuko Riyadh, ambako anafanya kazi za nyumbani kwa mkataba wa miaka miwili, na mtoto analelewa na nyanyake. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Mtoto alifungua daftari, akaweka kidole juu ya neno lililomshinda, akauliza, "Mama, hili ni neno gani?"

Mama hakuliona neno. Alichokiona ni paji la uso wa mwanawe na mabati ya paa. "Nionyeshe, baba," akasema. Mtoto akakandamiza kidole kwa nguvu zaidi: "Si hili hapa!" Mama akamwomba aliinue daftari. Akaliinua, lakini akaligeuza upande wake mwenyewe ili alione vyema neno analouliza, na mama akaonyeshwa jalada. Mambo yalikwenda hivyo mara tatu au nne, hadi mtoto akakasirika, akasema mama hataki kumsaidia, akatoka mbio kwenda kuwatazama mbuzi. Nyanya alibaki ameishika simu mkononi, huku binti yake akilia kimyakimya ng'ambo ya pili.

Msomaji mpenzi, mtoto yule hakukosea hata kidogo. Aliamini kile ambacho chombo kilimwambia, yaani kwamba mamake yupo. Lau mama angalikuwa ameketi mbele yake mezani, kidole kile kingalitosha. Aliyekosea ni yule aliyebuni chombo akadhani kwamba watu wawili wakishaonana nyuso basi wamekutana. Kuonana si kukutana. Watu wanaokutana huwa na kitu kati yao: meza, daftari, jeneza, kibuyu cha pombe, shamba linalogombaniwa. Simu ya video imetuletea sura za wapendwa wetu, lakini kile kitu kilichokuwa kati yetu imekiacha nje ya mlango.

Gachoka ninayoizungumzia iko kwenye barabara itokayo Embu mjini kuelekea Kiritiri, katika nchi ya joto ya Wambeere, nchi ya mtama, kunde, ndengu na muguka. Hadi uchaguzi wa 2013 eneobunge letu lilijulikana kwa jina hilo la Gachoka. Sasa huitwa Mbeere Kusini. Kusini kwetu Mto Tana umezibwa mara tano, kuanzia bwawa la Kindaruma mwaka 1968 hadi lile la Kiambere mwaka 1988, na umeme uliozalishwa pale uliangaza miji ya mbali miaka mingi kabla ya kuangaza vijiji vilivyoko kando ya maji hayo. Nalitaja jambo hilo si kwa ajili ya kufufua malalamiko ya kale, bali kwa sababu wenyeji wa hapa wamezoea kuona mambo makubwa yakipita juu ya vichwa vyao. Hata vijana wetu wamepita: wengine wako Nairobi, wengine Ghuba, wengine Marekani. Katika kijiji chetu ni vigumu kupata boma lisilo na mtu wake katika simu.

Ajabu ni kwamba Riyadh na Gachoka zina saa moja. Ikiwa saa moja jioni kwetu, kule nako ni saa moja jioni. Mama yule na mwanawe wanaliona giza likiingia karibu pamoja. Hata vikwazo vya sheria vimelegea kiasi: Saudi Arabia, iliyokuwa imepiga marufuku simu za intaneti, iliondoa marufuku hiyo Septemba 2017, ingawa si programu zote zilizofunguliwa siku hiyo. Kwa hivyo tusisingizie saa wala sheria. Kasoro iliyobaki imo ndani ya chombo.

Na kasoro hiyo ni kongwe. Kampuni ya AT&T ya Marekani ilionyesha simu ya picha katika maonyesho ya New York mwaka 1964, na mwaka 1970 ikaanza kuikodisha kwa makampuni mjini Pittsburgh kwa dola 160 kwa mwezi. Wataalamu walitabiri kwamba simu ya kawaida ingekwisha. Wapi! Wateja walikuwa wachache mno na huduma ikafifia katika muda wa miaka michache tu. Bei ilichangia, naam, lakini palikuwa na jambo jingine: watu waligundua kwamba kumwona anayezungumza, bila kuwa na jambo la kufanya naye kwa pamoja, hakuongezi mengi juu ya kuisikia sauti yake.

Sasa linganisha hayo na kisa cha Novemba 1980. Wasanii wawili, Kit Galloway na Sherrie Rabinowitz, waliweka kiwambo kikubwa katika dirisha la jengo la Lincoln Center mjini New York, na kingine katika dirisha la duka moja huko Los Angeles, wakaviunganisha kwa setilaiti. Hawakubandika tangazo wala maelezo. Mpita njia aliyesimama New York aliwaona watu wa Los Angeles wakiwa na kimo chao halisi, wamesimama kando ya barabara kama yeye, akawasikia nao wakamsikia. Kazi hiyo waliiita Hole in Space, yaani tundu angani. Jioni ya kwanza watu walishangaa. Ya pili waliitana. Ya tatu zilikuja familia zilizokuwa zimepeana miadi, jamaa waliotengana kwa miaka wakasimama kila mmoja kwenye ukingo wake wa tundu lile.

Jambo moja katika kazi ile hunivutia kuliko mengine yote: hapakuwa na mahali popote ambapo mtu angeweza kujiona. Leo kila simu humwonyesha mwenyewe picha yake pembeni. Nimemshuhudia mzee wa ukoo wetu akihutubia picha yake mwenyewe kwa dakika nzima, akiirekebisha kofia yake, huku wajukuu wakijizuia kucheka. Profesa Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika mwaka 2021 kwamba kujitazama huko ni mojawapo ya mambo yanayowachosha watu katika vikao vya video. Sisi tusingehitaji profesa. Nani aliyewahi kuingia katika kikao cha wazee akiwa amejishikia kioo mbele ya uso?

Nije sasa kwenye kikao chenyewe. Agosti moja si mbali sana, binti wa dada yangu alikuwa akiposwa. Washenga walifika saa tano asubuhi. Ndugu yangu mdogo, ambaye ndiye mjomba wa binti huyo na ambaye neno lake lilikuwa lazima lisikike, yuko Texas. Kwake ilikuwa saa tisa usiku. Alikuwa amevaa suti kamili na kuketi wima jikoni kwake. Binamu zetu wawili, mmoja aliyeko Uingereza na mwingine Nairobi, waliingia pia katika mkutano uleule wa mtandaoni. Wote watatu wakakaa ndani ya simu moja, kila mmoja katika kijisanduku chake kisichozidi upana wa kidole gumba, na simu ikawa inapitishwa kutoka mkono hadi mkono mfano wa kibuyu.

Yaliyofuata yalitutia aibu. Mzee aliyeongoza mazungumzo aliinyoshea simu kidole akauliza, "Nawe unasemaje?" Ndani ya simu, watu watatu waliona mzee akiwanyoshea kidole wote. Wawili wakaanza kusema kwa wakati mmoja, wote wakakatizana, wote wakanyamaza wakipishana kwa heshima. Mzee aliusubiri ukimya ule, kisha akauchukua kuwa ni ridhaa, akaendelea. Hivyo ndivyo hesabu ya mbuzi ilivyopitishwa bila neno la mjomba. Ndugu yangu alilalamika kwa muda mrefu, na maneno yake siyasahau: "Mlinionyesha posa, hamkuniketisha."

Hapa pana mambo mawili ambayo ni vyema yatenganishwe. La kwanza ni kuchelewa kwa sauti. Zamani, wakati simu zetu za nje zilipopitia kituo cha setilaiti cha Longonot kilichofunguliwa mwaka 1970, sauti ilipaa kilomita zipatazo 36,000 hadi kwenye setilaiti na kushuka tena kiasi hicho. Safari hiyo huchukua takriban robo ya sekunde, na jibu robo nyingine. Nusu sekunde yaonekana si kitu, lakini ndiyo inayotosha kumfanya mtu adhani mwenzake amekosa la kusema. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, hupendekeza kuchelewa kusikozidi sehemu 150 za elfu moja za sekunde kwa kila upande. Nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilipotia nanga Mombasa mwaka 2009, safari ile ndefu ya angani ilikwisha. Hata hivyo, kuchelewa hakukuisha. Kulihamia kwenye mlingoti uliojaa watu, kwenye simu ya bei nafuu inayohangaika kufungua picha, kwenye bando linalokaribia kuisha. Aghalabu chombo huchelewesha sauti ili iende sambamba na picha. Ni kosa la uamuzi. Njia ikisonga, picha na igande, ipungue, hata izimwe, lakini sauti ipite. Mzee ataweza kuzungumza na picha iliyosimama. Hawezi kuzungumza na kimya asichojua maana yake.

La pili ni kiti, na hilo haliponywi kwa waya. Wageni wameandika mengi kuhusu kukutana kwa macho. Wanasema kwamba kwa kuwa kamera iko juu ya kioo, anayemtazama mwenziwe huonekana ameinamisha macho. Kwa mila zetu hilo si tatizo kubwa, kwani mdogo hamkodolei mkubwa macho, na anayeinamisha uso mbele ya mzee hajamkosea. Kinachotutatiza sisi ni kutojua mzee anamwambia nani. Katika duara la watu walioketi, mwelekeo wa bega la msemaji ndilo jina la anayesemeshwa. Duara hilo likibanwa ndani ya simu moja, bega hupoteza maana.

Miaka ya mwanzo ya 1990, katika Chuo Kikuu cha Toronto, Abigail Sellen na Bill Buxton walilishughulikia jambo hili kwa njia ambayo mzee yeyote wa Mbeere angeielewa. Waliunda vifaa vidogo walivyoviita Hydra, kila kimoja kikiwa na kioo chake, kamera yake na spika yake, wakaviweka mezani mahali pale ambapo kila asiyekuwepo angeketi. Ukitaka kumsemesha fulani, unamgeukia. Naye huliona bega lako likimgeukia, na mwenzake huliona likimwacha. Kwa maneno mengine, kila aliye mbali alipewa kiti.

Sisi, bila ya habari hizo, tulifikia jambo hilohilo kwa shida zetu. Washenga waliporudi mara ya pili tuliazima simu tatu, tukaweka kila moja juu ya kiti, ikiegemea mto, kimo cha uso wa mtu aliyeketi. Zilikuwa simu tatu mbalimbali, kila moja ikimpigia mtu mmoja, kwani zote tatu zikiingia katika mkutano mmoja sauti huzunguka chumbani na kupiga mbinja ya kuumiza masikio. Tulilipia bando tatu. Mzee alipomgeukia mjomba, mjomba alijua. Alijibu kabla hajamaliza kuulizwa, akabishana, akakataa, akacheka, na hesabu ya mbuzi ikarekebishwa. Mtoto mmoja alipita mbele ya kiti chake akiwa amebeba sinia, akasema "nisamehe, mjomba". Nadhani hakuna kipimo cha maabara kinachoupita huo.

Mazishi ni habari nyingine, na hapo sina suluhisho la viti. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia nchini, serikali iliagiza kwamba wahudhuriaji wa mazishi wasizidi 15. Kuanzia hapo watu wengi walijifunza kuzika kwa simu, na hata baada ya masharti kuondolewa desturi imebaki: kijana mmoja hukabidhiwa simu iliyofungwa kwenye kijiti, akazunguka kaburi nayo. Aliye Boston au Doha huona migongo ya watu, kisha anga, kisha viatu. Lakini tatizo linaloniuma zaidi ni nyimbo. Programu nyingi za mikutano zilibuniwa kwa ajili ya mtu mmoja ofisini, mlango umefungwa, akizungumza. Ndani yake mna kichujio kinachotafuta sauti ya msemaji na kuzima kila kinachobaki kwa kukihesabu kuwa ni kelele. Akina mama mia moja wakianza kuimba kaburini, chombo husikia kelele. Kwaya hukatika vipande vipande, hufifia, hutoweka, halafu mbwa anabweka na sauti inarudi. Nimeambiwa na mwanamke mmoja aliyemzika babake kwa njia hiyo kwamba alidhani waombolezaji wameacha kuimba, na alishangaa ni kwa nini wamenyamaza mapema vile juu ya mzee aliyeheshimika.

Huo ni uamuzi uliofanywa na mhandisi fulani wa mbali, kwamba sauti za wengi kwa pamoja ni uchafu wa kuondolewa. Baadhi ya programu zina kitufe cha kuzima kichujio hicho, lakini kimefichwa ndani ya mipangilio, na simuoni mfiwa akikitafuta huku jeneza linateremshwa. Na hata sauti ikipita vyema, aliye ng'ambo hawezi kuitikia pamoja na wengine, kwa sababu ya kule kuchelewa nilikokwisha kukutaja. Wimbo wake huwafikia wenzake ukiwa umebaki nyuma. Hili wahandisi hawawezi kulitatua kabisa, maana hata mwanga una mwendo wake. Linaloweza kufanywa ni dogo zaidi: chombo kimpe sauti ya kwaya ikiwa nzima, aimbe nayo huko aliko, hata kama wao hawamsikii.

Nchi hii haina upungufu wa vijana wanaoandika programu za kompyuta. Tuna hata mifumo ya kutuma fedha ambayo mataifa makubwa huja kuitazama. Wakati Chuo Kikuu cha Mtandao cha Afrika kilipoanzishwa mwaka 1997, wanafunzi wetu walitazama mihadhara iliyotoka ng'ambo kwa setilaiti na kuuliza maswali kwa simu, mhadhiri hakuwaona. Serikali ilipoanza kusambaza vishikwambi katika shule za msingi mwaka 2016, vilijazwa masomo ya kutazamwa. Daima tumepewa dirisha la kuchungulia upande mmoja. Kwa nini vijana hao wasianze na boma la Gachoka badala ya ofisi ya California? Simu moja, watu ishirini, kuku mlangoni, mtandao unaokuja na kwenda, na jambo zito lililowakutanisha. Chombo kitakachofaulu hapo kitafaulu popote. Hawatalazimika hata kuanza na kioo kitupu. Huko Japani, Hiroshi Ishii na Minoru Kobayashi wa kampuni ya NTT walionyesha mwaka 1992 ubao wa kioo walioupa jina ClearBoard: wawili walio mbali huandika juu ya kioo kimoja, kila mmoja akiona maandishi ya mwenzake na, nyuma ya maandishi hayo, macho yake yakitazama neno lilelile. Miaka zaidi ya thelathini imepita, na mama aliyeko Riyadh bado anaonyeshwa mabati.

Kwa hakika haonyeshwi tena, na sifa ni za nyanya. Juma moja baada ya kisa nilichoanza nacho nilipita tena pale jioni. Nyanya alikuwa amesimamisha mikebe miwili ya mafuta ya kupikia juu ya meza na kuilaza simu juu yake kama daraja, uso wa simu ukitazama juu na kamera ya nyuma ikitazama chini. Chini ya daraja hilo lilikuwako daftari. Mtoto alipoinama kuandika, alimwona mama katika kioo. Mama naye aliona ukurasa, penseli na vidole vya mwanawe. Taa ilikuwa imesogezwa upande wa kushoto ili kivuli cha mkono kisiangukie maandishi. Nilimuuliza nyanya ni nani aliyemfundisha. Akaniambia alikuwa akifikiria ni wapi binti yake angeketi kama angekuwa amerudi.

Kuna jambo moja lililobaki. Mama analiona daftari, lakini kidole chake hakifiki. Akiona kosa inambidi aseme, "Mstari wa tatu, neno la pili." Basi mtoto hushuka kwa kidole chake mwenyewe, akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kisha huvuka kwenda kulia, moja, mbili, na hukitua hapo bila kukiondoa, akiinua macho kwenye kioo kungoja aambiwe kama ndipo.